Siku nilipofuta nyota zote

Mwaka 2020 nilikuwa na rundo la maandishi yangu ya siku nyingi, yote mafaili ya .txt, na humo nilizoea kutia mkazo kwenye neno kwa kuliweka kati ya alama mbili za nyota (*). Jioni moja nikaamua kuziondoa. Nikafungua Vim, kihariri changu cha maandishi, kwenye saraka yangu kuu, nikaiagiza ikusanye kila faili la .txt hadi saraka za ndani kabisa, kisha kwa :argdo, amri ya kurudia kazi katika kila faili, ipite kote ikifuta nyota na kuhifadhi. Ilichelewa kumaliza. Sikujiuliza kwa nini.

Vim yenyewe, toleo la 8.2, nilikuwa nimeijenga ndani ya saraka hiyohiyo, na kurasa zake za msaada nazo ni mafaili ya .txt.

Kesho yake kila nilipoandika :help na jina la amri, nikajibiwa kosa E434. Nilichimba mpaka nikaelewa. Katika kurasa zile, jina la kila mada limekaa kati ya nyota mbili, ila Vim huzificha usizione unaposoma. Kando kuna faili liitwalo tags, ambalo ndilo faharasa: linataja mada, faili iliyomo, na cha kutafuta humo, yaani jina hilohilo pamoja na nyota zake. Faharasa ilikuwa nzima, bali ilichokitafuta hakikuwepo tena.

Nilijua kwamba :helptags hujenga faharasa upya. Nikaiendesha papo hapo. Jibu likageuka kuwa E149, hakuna msaada. Amri ilikuwa imetenda ipasavyo: ilipitia kurasa, haikukuta nyota, ikaandika faharasa iliyo karibu tupu juu ya ile ya zamani. Na ile ya zamani ndiyo iliyokuwa na orodha ya kila mada na faili lake; kwa orodha hiyo ningeweza kurudisha majina mahali pake. Kufuta nyota kuliniuma, lakini hili liliniuma zaidi.

Nikaanza kutengeneza kwa mkono. Katika change.txt mambo yalikwenda, kwa sababu majina mengi ya mada hukaa ukingo wa kulia. Nilipofika pattern.txt nikaacha. Sehemu inayofundisha kazi ya nyota katika ruwaza za kutafuta maandishi haikuwa na nyota hata moja, na palipokuwa na .* pamebaki nukta peke yake. Kurasa zilizonifundisha karibu kila ninachokijua kuhusu kihariri hiki, kurasa za Vim, ambayo Bram Moolenaar aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, sasa zilikuwa zinafundisha uongo, na mimi ndiye niliyezifanya hivyo.

Mstari wa kwanza wa kila ukurasa hutaja toleo lake, nao ulikuwa umesalimika. Nikapakua msimbo chanzo wa 8.2, nikafuta saraka yote ya msaada iliyoharibika, nikaweka runtime/doc mpya, yaani saraka ya kurasa za msaada, mahali pake, kisha nikaendesha :helptags kwa mara ya pili.

Nikaandika :help :s_flags. Ukurasa ukafunguka palepale panapotakiwa. Bado sikuamini, nikaandika :set conceallevel=0, inayoizuia Vim kuficha alama, na nyota zikajitokeza ukingoni, mbili mbili, kutoka juu ya kioo hadi chini.