Farasi Anapotikisa Kichwa: Nilivyomhudumia Jabali

Jabali aliletwa kwenye mabanda yetu ya Karen, pembezoni mwa Nairobi, baada ya kustaafishwa kutoka mbio za uwanja wa Ngong. Alikuwa farasi dume aliyehasiwa, mwenye umri wa miaka 9, mpole kiasi cha kuaminiwa na watoto wanaojifunza kupanda. Jua la Januari lilipokaza, akaanza kurusha kichwa juu na chini kwa ghafla, kana kwamba nyuki amemwingia puani, kisha hupiga chafya mfululizo na kuinamisha kichwa ili asugue pua kwenye mguu wake wa mbele, hata akiwa katikati ya mchakamchaka na mtoto yuko mgongoni. Mimi ndiye saisi mkuu wa mabanda hayo, na kazi ya kumtafutia nafuu ilikuwa yangu.

Baadhi ya wapandaji walisema amejifunza ujeuri wa kukwepa kazi, na mmoja alipendekeza afungwe mkanda wa kukizuia kichwa kisipande. Nilikataa. Farasi anayekwepa kazi kwa kawaida huacha vituko vyake mpandaji akishuka, lakini Jabali aliendelea hata nilipomvua tandiko, hatamu na lijamu na kumzungusha kwa kamba ndefu bila mtu mgongoni. Kumfunga kichwa mnyama wa namna hiyo ni kumnyima njia pekee aliyo nayo ya kuonyesha kwamba anaumia, na maumivu yenyewe yanabaki palepale.

Hata hivyo kutikisa kichwa kuna sababu nyingi, na zilizo rahisi ndizo zinazopaswa kutafutwa kwanza. Katika mazingira yetu mimi huanza na masikio. Kupe wa miguu myekundu huwapenda sana farasi na punda, na tabia yake ni kwamba wachanga hujificha ndani kabisa ya tundu la sikio ilhali wakubwa hujishikiza chini ya mkia, kwa hiyo anayemwona kupe mkiani asikose kumulika masikioni kwa tochi. Masikio ya Jabali yalikuwa safi. Daktari wa mifugo alikagua kingo za magego, akatafuta yale meno madogo yanayoota mbele ya magego na kugongwa na lijamu, akapima macho, akaangalia kama hatamu inabana nyuma ya masikio, kisha akaingiza kamera yenye mrija wa mpira puani hadi kwenye mifuko ya hewa iliyo karibu na koo, ambamo kuvu na usaha huweza kujificha. Hakukuwa na kitu. Ndipo akadunga ganzi kwenye neva ya taya la juu, pande zote mbili, akaniambia nimzungushe tena. Kichwa kilitulia kwa kiasi kikubwa, tukajua kwamba maumivu yanatoka usoni.

“Daktari, ina maana neva imeharibika?” nikamuuliza.

“Haijaharibika, mzee wangu. Imekuwa nyepesi mno kushtuka.”

Maelezo aliyonipa yalibadilisha kabisa namna nilivyomtazama farasi yule. Neva kubwa inayopeleka hisia za uso kwenye ubongo ina matawi matatu, la jicho, la taya la juu na la taya la chini, na tawi la taya la juu ndilo linalohudumia mianzi ya pua na mdomo wa juu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kwa farasi wasio na tatizo hili neva hiyo ilihitaji umeme wa miliampia (kipimo cha mkondo wa umeme) 10 au zaidi ndipo iitike, lakini kwa farasi wenye tatizo hili miliampia 5 au pungufu zilitosha. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba farasi ambaye dalili zake huja kwa msimu alipopimwa wakati ametulia, neva yake iliitika kama ya farasi asiye na tatizo. Maana yake ni kwamba mwanga, upepo au vumbi lisilomdhuru farasi mwingine humwumiza huyu, na kwamba hali hiyo inaweza kurudi nyuma. Watu wanaougua maumivu ya neva hiyohiyo husimulia maumivu makali yanayokuja ghafla kwa kuguswa shavu tu au kupigwa na upepo.

Kwa kuwa kichocheo hutofautiana kati ya farasi na farasi, nilianza kuandika daftarini saa, hali ya jua, upepo, vumbi na kazi aliyofanya, na nilimpiga picha za video kwa simu asubuhi, mchana na jioni. Wapo waliolaumu maua ya mijakaranda, lakini mijakaranda ya Nairobi huchanua kati ya Septemba na Novemba, na Jabali alizidiwa Januari na Februari, maua yakiwa yamekwisha pukutika. Ilipofika Julai, mwezi wa baridi na mawingu mazito ambao wengi hapa huuchukia, akatulia karibu kabisa. Ulaya na Marekani wanasema tatizo huamka majira ya kuchipua siku zinapozidi kurefuka, lakini sisi tuko jirani na ikweta, siku zetu hazirefuki wala kufupika kwa kiasi cha kusumbua mtu. Kwa Jabali, daftari lilinionyesha jua kali na vumbi.

Hapo ndipo ushauri wa nchi za baridi uliponikwama mkononi. Wanaofuga huko hupendekeza farasi anayeumizwa na mwanga alishwe nje usiku na kufungiwa ndani mchana. Huku kwetu kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na visubi ambao hufanya kazi kuanzia magharibi hadi alfajiri, na huua farasi upesi sana. Jabali amechanjwa, lakini sitegemei chanjo peke yake, na farasi wetu wote huingia bandani kabla jua halijazama. Kumwachia malishoni usiku ili kumwepusha na mwanga kungekuwa kumtoa kwenye maumivu na kumpeleka kwenye kifo. Kwa hiyo tuligawa mchana wake: hutoka jua likishachomoza vizuri, hurudi kwenye kivuli cha banda kabla ya saa nne, kisha hutoka tena alasiri mpaka wakati wa kufungiwa. Kazi ya kupandwa huifanya asubuhi tu, na uwanja wa mazoezi hunyunyiziwa maji kabla hajaingia. Nyasi kavu zake hulowekwa kidogo ili vumbi lisimpande puani anapokula.

Kilichosaidia kuliko vyote ni wavu wa pua. Ni kipande cha wavu laini kinachofungwa kwenye mkanda wa puani na kuning’inia juu ya mianzi ya pua na mdomo wa juu, na inadhaniwa kwamba mguso wake mwepesi usiokoma huishughulisha neva, hivyo ishara za maumivu hupungua. Fundi cherehani wa Ngong alinishonea wa kwanza kwa kitambaa cha chandarua kipya kisicho na dawa, kwa maana chandarua kilichotiwa dawa ya mbu hakifai kukaa puani mwa mnyama. Mara ya kwanza Jabali alikunja mdomo wa juu na kuuchezesha kama anayetafuta punje ya mahindi, akaulowesha wavu wote kwa pumzi na makamasi, kisha akasahau kwamba upo. Ukingo uliogusa mdomo ulikuwa na mshono mgumu, nikauondoa na kuweka utepe wa pamba. Jioni hufuliwa kwa maji matupu, kwa sababu wavu uliokauka na makamasi hukwaruza. Wavu hausaidii kila farasi, ila ni rahisi na hauna madhara, kwa hiyo naona ni haki ya farasi kujaribiwa huo kabla ya jambo lolote lingine. Siku za jua kali tunaongeza barakoa ya macho inayopunguza mwanga.

Kuhusu dawa, daktari alitueleza kabamazepini na siproheptadini, akasema matokeo yake hayatabiriki, kwamba nyingine humlegeza farasi kiasi cha kufanya kumpanda kuwe hatari, na kwamba haziruhusiwi mashindanoni. Uingereza, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bristol wanatumia sindano nyembamba yenye umeme mdogo kuituliza neva, na takribani nusu ya farasi hupata nafuu ya muda. Sisi hatukuwa na njia ya kuifikia. Madini ya magnesi tulianza kumpa kwa kipimo cha daktari, ikizingatiwa ile iliyomo tayari katika chakula chake, kwa kuwa ikizidi ni hatari. Upasuaji wa kuikata neva ya uso sikutaka hata kuujadili: mara nyingi hauondoi tatizo, na neva iliyokatwa inaweza kuota uvimbe wenye maumivu makubwa kuliko ya mwanzo.

Jabali hakupona, ila anaishi vizuri. Mama mwenye farasi aliniuliza mapema, “Na siku wavu usiposaidia, tutafanyaje?” Tukakaa na daktari tukaandika mipaka. Akitikisa kichwa kazini licha ya wavu na kivuli, mpandaji anashuka papo hapo, na hapandwi tena mpaka atulie, hata kama masomo yameshalipiwa. Dalili zikimfuata bandani akiwa amepumzika, daktari anaitwa siku hiyohiyo. Na ikiwa atafika mahali pa kujichubua uso kwa kusugua, kuacha kula au kusimama kutwa kichwa kikiwa kimegandamizwa kwenye kona ya giza, na matibabu yakawa yameshindwa, basi atalazwa usingizi wa milele bila kusubiri kiangazi kingine. Karatasi hiyo imebandikwa mlangoni mwa chumba cha matandiko, ikiwa na sahihi zetu watatu, ili saisi wa zamu asilazimike kuomba ruhusa ya mtu ndipo amshushe mpandaji.