Watamu mpaka Mambrui, kufuata mchanga

Desemba nilikua Watamu, na kama umefika unajua mchanga wa pale, mweupe mpaka saa sita unaumiza macho. Mvuvi mmoja akanichotea konzi akakamulia ndimu juu yake, ukatoa povu. Akaniambia haya si mawe bwana, ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na mwingine umepita tumboni mwa pono, manake pono anaguguna tumbawe apate mwani, anasaga kila kitu, halafu unga anautoa nyuma. Wazungu walikuwa wameulalia kifudifudi wanaota jua, nikanyamaza tu.

Nikapanda matatu mpaka Malindi, kilomita kama 25 hivi, na ni kama umehama nchi. Mchanga wa kahawia, umejaa vijipande bapa vya madini ya maika vinameremeta. Ndimu nilikuwa nayo bado, nikakamua, kimya. Huu haujatoka baharini, umeletwa na mto. Na ni mwingi, wazee wanakwambia zamani bahari ilikuwa karibu na mji, siku hizi maji yakipwa unatembea weee ndo uloweshe miguu.

Tuktuk ikanipeleka daraja la Sabaki kaskazini ya mji. Maji rangi ya chai ya maziwa, na mimi mtu wa Machakos ule udongo niliujua hapo hapo! Mto ni ule ule Athi, unabeba maji ya Nairobi na ya Ukambani, ukikutana na mto Tsavo unaitwa Galana, huku chini ndo Sabaki. Kwetu watu wanachimba fanya juu, yaani mitaro ambayo udongo wake unatupwa upande wa juu, kuzuia udongo usiondoke, lakini mvua ya kwanza baada ya kiangazi inakuta mashamba makavu na mbuzi washamaliza nyasi, inazoa tu. Sasa mahoteli yanalalamika maji machafu, kumbe ni shamba la mtu limeshuka, na likitua juu ya matumbawe ya Marine Park, ile hifadhi ya bahari ya Malindi, yanakosa mwanga.

Mambrui ng'ambo ya mto kuna matuta ya mchanga makubwa kabisa. Dereva wa boti pale akanipa siri: upepo wa kaskazi ukivuma tope linasukumwa Malindi, ukija upepo wa kusi linageukia kwao. Nikamuuliza basi nije msimu wa kusi nipige mbizi Malindi, akacheka, akasema tope hutaliona lakini mawimbi utayaona, chagua mwenyewe.