Mmumunye wa Yona

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu wiki hii ni Yona sura ya nne. Nimelisoma uani kwangu, hapa Majengo, Moshi, kando ya uzio ambao bibi jirani yetu, Mwislamu, ameutambazia mmumunye. Jani lake ni pana kuliko kiganja changu, na ukilipapasa lina vinyweleo laini kama shavu la mtoto. Nilipomwamkia na kumwambia ninachosoma, alilishika jani moja. "Mwanangu, ndilo hili Mungu alilomfunikia Nabii Yunus. Wazee walitufundisha kwamba hata nzi hawalisogelei."

Yunus ndiye Yona wetu, na Biblia yetu inasema mmea huo ni mtango. Ila kilichonigusa ni mahali mmea wenyewe ulipoota katika kisa. Katika Biblia, Yona amekwisha kuhubiri, Ninawi imetubu, naye amenuna. Anapata kivuli cha siku moja, kesho yake buu anautafuna mmea. Katika Kurani, sura ya 37, unamwotea pale alipotupwa ufukweni, mgonjwa, na baadaye anatumwa kwa watu laki moja au zaidi, nao wakaamini. Hasira yake imetajwa kwingine, lakini ni ya alipoondoka, si ya kuona watu wamesamehewa.

Bibi hakupenda niliposema Yona alinuna. "Nabii achukie watu kuokoka?" Nilimwelewa. Kwao manabii wanalindiwa heshima, na Mtume Muhammad alikataza mtu kudai kuwa ni bora kuliko Yunus bin Matta. Anachokishika bibi ni dua ya gizani, tumboni mwa samaki: hapana mungu ila Wewe, umetakasika, hakika mimi nilikuwa miongoni mwa waliodhulumu. Aliisoma usiku kucha mumewe alipokuwa mahututi.

Wayahudi husoma kitabu chote alasiri ya Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, wakiwa wamefunga. Kosa la nabii hawalifichi. Walimu wao wa kale walisema Yona alipokimbia asiende Ninawi alitetea heshima ya mwana, yaani Israeli, asitetee heshima ya Baba: aliogopa kwamba mataifa yakitubu upesi, watu wake mwenyewe wataonekana wagumu. Neno hilo limenichoma. Mtu anaweza kumkimbia Mungu kwa kuwapenda mno walio wake! Nami nimewahi kusikia mtu wa mtaani kwetu ameacha ulevi, nikauliza kwanza anasali wapi.

Sisi Wakristo twakimbilia samaki, kwa sababu Bwana mwenyewe alisema katika Mathayo 12:40 kwamba siku tatu za Yona ni ishara ya kuzikwa kwake. Hilo ndilo tumaini langu, silipunguzi hata chembe. Lakini mstari unaofuata unasema watu wa Ninawi watasimama siku ya hukumu, kwa kuwa wao walitubu. Huo sikumbuki kuusikia ukihubiriwa.

Kitabu kinaishia kwenye swali la Mungu: je, asiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama wengi? Yona hajibu.

Jioni bibi alinikatia mumunye changa la mboga, nami nikamsomea swali hilo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na wanyama pia?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, bibi."

Akachuma majani yaliyobaki, akawapelekea mbuzi wake.