Ukitaka kumsaidia mwenye mawazo, jifunze kwa bibi wa Mbare

Sisi tunasema mtu "ana mawazo". Waongeao Kishona nchini Zimbabwe wanasema kufungisisa: kuwaza hadi kupitiliza. Mwaka 2006, huko Mbare, Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda hakuwa na chumba wala wauguzi wa ziada. Alichopata ni bibi 14, wahudumu wa afya wa mtaani, wakawa wanakaa na wagonjwa nje, kwenye benchi la mbao.

Kinachonigusa ni ufundi wao. Bibi anaanza na maswali 14 ya ndiyo au hapana kuhusu juma lililopita: usingizi ulikuja? Ulilia? Uliwaza kujiua? Anayejibu ndiyo kwa hilo la mwisho haagwi kwa maneno matamu, anafikishwa kwa msimamizi.

Kisha huja kuvhura pfungwa, kufungua fikra. Mgeni anamwaga yote: kodi, ndoa, ada, virusi vya UKIMWI. Bibi anasikiliza, halafu anauliza, "Tuanze na lipi, mwanangu?" Linachaguliwa moja tu, na anayechagua ni mgeni.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu. Dakika ya tatu tu tumeshatoa ushauri. Ushauri wa haraka unampokonya mtu shida yake, na akifika nyumbani haufuati kwa sababu hakuuamua yeye. Kosa jingine ni kumwacha mgeni aondoke na hatua kubwa mno ya kutatua shida aliyoichagua. "Nitatafuta kazi" haishikiki. "Jumatano asubuhi nitamwuliza muuza nyanya kama anataka msaidizi" hiyo inafanyika.

Vikao hufika 6. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa na wahudumu hawa walikuwa na dalili chache kwa mbali kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Na bibi mwenyewe? Mwanamke ambaye umri umeshamfanya awekwe pembeni anaamka akijua kuna mtu anamsubiri, na kwamba yale aliyoyapitia, misiba na njaa, leo yana kazi. Kwangu hilo ni tiba ya pili kwenye benchi lilelile.

Kikao cha pili kinaanza kwa swali moja: ile hatua imekuwaje? Kama haikufanyika, usigombe. Igaweni tena, iwe ndogo zaidi.