Karata zisizokuwepo za Bert Williams

Vijana wanaojiunga na kikundi chetu cha maigizo hapa Tanga karibu wote huja na imani moja, kwamba kichekesho ni vitu vya kuvaa. Unga usoni, mto tumboni, suruali imepandishwa mpaka kifuani, sauti ya kukwaruza. Siwalaumu, ndivyo walivyoona kwenye runinga tangu wadogo. Lakini kumweleza mtu kwa maneno kwamba atulie ni kazi ngumu, kwa hiyo siku hizi nawafungulia kwenye simu filamu bubu ya mwaka 1916, A Natural Born Gambler, nikamwachia Bert Williams, mchekeshaji mweusi wa Marekani wa zama hizo, afundishe mwenyewe.

Sehemu kubwa ya filamu hiyo ni ya kawaida tu. Wanaume wanacheza kamari kwa kujificha, polisi wanavamia, jamaa anaishia jela. Nawaambia wavumilie, tunachokitaka kiko mwishoni. Williams yuko selo peke yake. Anachanga karata ambazo hazipo. Anawagawia wachezaji ambao hawapo. Kisha anainua za kwake na kuzichungulia, na uso unaanza kazi: furaha inapanda, anaikamata kabla haijafika mdomoni, maana anayecheza poka, kamari hiyo ya karata, hatakiwi kuwajulisha wenzake alichoshika. Anawatazama mmoja mmoja wakibadilisha karata zao. Anaweka dau, anapandisha, tabasamu linamponyoka. Halafu karata zinafunuliwa, na unaona mtu akiliwa hela ambazo hakuwa nazo na watu ambao hawakuwepo. Hakuna anguko wala kofi.

Kijana mmoja aliyekuwa ameegemea begani kwangu akaniambia, "Dada, yule wa kushoto namwona kabisa." Kushoto pale kuna ukuta.

Mchezo huo hakuubuni kwa ajili ya kamera. Alikuwa ameucheza jukwaani kwa miaka, taa moja ikimmulika na ukumbi mzima umenyamaza. Ndiyo maana hauna hata chembe ya haraka. Mtu akikaa miaka na mchezo mmoja mbele ya watu, anajua ni sekunde ngapi anaweza kuwasubirisha kabla hawajaanza kukohoa, na hilo hakuna anayekufundisha darasani.

Jina lake kamili ni Egbert Austin Williams. Alizaliwa Nassau, Bahamas, mwaka 1874, familia ikahamia Marekani, akakulia California. Mwaka 1893 alikutana San Francisco na George Walker, kijana wa Kansas, wakaanza kufanya kazi pamoja. Wakati ule kumbi za Marekani zilijaa wazungu waliojipaka masizi ya kizibo kilichounguzwa na kuigiza watu weusi kwa kejeli, na watazamaji walikuwa wamezoea kejeli hiyo kiasi cha kuiona ndiyo ukweli. Williams na Walker waliingia kwa mlango huohuo. Walijitangaza kuwa wao ndio "halisi", tena kwa neno la matusi lililotumika siku hizo, kwa sababu hapakuwa na mlango mwingine.

Mwanzoni Walker ndiye aliyechekesha na Williams ndiye aliyemtengenezea njia. Siku moja huko Detroit, Williams alijipaka masizi ajaribu wimbo, ukumbi ukaangua kicheko, na tangu siku hiyo wakabadilishana. Walker akawa mtanashati wa suti kali na maneno matamu. Williams akawa yule mtu mzito, mpole, ambaye kila balaa linajua anapokaa. Watu wa maigizo wataelewa ukubwa wa badiliko hilo. Kumbuka kwamba Williams hakuwa mtu yule hata kidogo. Alikuwa na ngozi nyeupe kiasi, mrefu, msomaji wa vitabu, na ile lafudhi ya jukwaani alijifunza kama mtu anavyojifunza lugha ya ugenini. Masizi yale siyatetei. Yalikuwa tusi, na aliyavaa karibu maisha yake yote ya kazi. Ninachosema ni kwamba chini yake alijenga mtu mwenye huzuni zake, akili zake na aibu zake, na hao wazungu waliokuwa wakiiga hawakuwahi kumjenga mtu.

Februari 1903 wawili hao walifungua In Dahomey kwenye ukumbi wa Broadway, mtaa wa maigizo wa New York. Ulikuwa mchezo kamili wa muziki ulioandikwa na kuchezwa na watu weusi: muziki wa Will Marion Cook, mashairi ya Paul Laurence Dunbar, hadithi ya Jesse Shipp. Miezi michache baadaye walikuwa London, Shaftesbury Theatre, na tarehe 23 Juni wakacheza Buckingham Palace kwenye sikukuu ya kuzaliwa ya mjukuu wa mfalme. Baada ya hapo walikuja na Abyssinia mwaka 1906, kisha Bandanna Land. Ni wakati wa mchezo huo ambapo Walker aliugua, akaanza kusahau maneno na kushindwa kuendelea. Mkewe, Aida Overton Walker, mchezaji dansi hodari, alivaa suti za mumewe akaingia jukwaani kucheza nafasi yake. Najaribu kumfikiria Williams usiku ule, akimgeukia mshirika wake wa miaka kumi na zaidi na kumkuta shemeji yake ndani ya nguo zilezile, na kicheko kinatakiwa kitoke kwa wakati uleule. Walker alifariki Januari 1911.

Sauti ya Williams ipo pia. Alirekodi tangu 1901, na mwaka 1906 akarekodi Nobody, wimbo alioutunga yeye kwa maneno ya Alex Rogers. Nusu anaimba, nusu anaongea, anaburuta neno mpaka unadhani amekata tamaa ya kulimalizia, na tromboni inaguna nyuma yake. Watu waliupenda kiasi kwamba kila alipopanda jukwaani aliombwa huo, mpaka mwenyewe akaandika baadaye kwamba alitamani waliouunda wangekuwa wamenyongwa au kuzamishwa majini, yeye akiwa mmojawapo. Msanii yeyote mwenye kibwagizo kimoja kinachopendwa mtaani atamwelewa.

Mwaka 1910 Florenz Ziegfeld, mwandaaji wa maonyesho, alimwingiza kwenye Follies, onyesho kubwa kabisa la New York, mweusi pekee kati ya nyota wazungu. Baadhi ya wenzake walitishia kuondoka. Ziegfeld akawajibu kwamba wote wana mbadala isipokuwa Williams. Alidumu humo, na mapumziko kidogo, hadi 1919. Eddie Cantor, aliyefanya naye kazi, alisimulia jinsi Williams alivyolazimika kutumia lifti ya mizigo hotelini baada ya onyesho. Akamwambia Cantor kwamba isingemuuma sana kama makofi yasingekuwa bado yanalia masikioni. W. C. Fields, naye mchekeshaji, alisema huyu ndiye mtu wa kuchekesha kuliko wote aliowahi kuwaona, na mwenye huzuni kuliko wote aliowahi kuwajua.

Mwishoni mwa Februari 1922, akiwa mgonjwa wa mapafu, alianguka jukwaani Detroit, mji uleule wa masizi ya kwanza. Watu walicheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Alifariki New York tarehe 4 Machi, ana umri wa miaka 47.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Mwaka 1913, kabla ya ile filamu ya selo, Williams alicheza filamu nyingine ndefu zaidi, yenye waigizaji weusi wengi. Haikumalizwa, haikuonyeshwa. Mwaka 1939 jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York, MoMA, liliokoa shehena ya negativu, yaani mikanda ya awali, za kampuni ya filamu ya Biograph, na hiyo ilikuwamo, reli (mizingo ya mkanda) saba zisizo na jina wala maandishi. Wahifadhi walitafuta mpaka watu wanaoweza kusoma midomo ili kujua waigizaji wanasemezana nini. Mwaka 2014 hatimaye ilionyeshwa, kwa jina la Lime Kiln Club Field Day.

Humo Williams ni mmoja wa wanaume watatu wanaomwania binti mmoja, anayechezwa na Odessa Warren Grey. Yeye ndiye mwenye masizi. Wenzake wengi wana nyuso zao wenyewe. Kuna tamasha, kuna kubembea kwenye farasi wa kuzunguka, kuna dansi ya wawili wawili ya madaha, watu wamependeza na wanajua wamependeza. Mwishoni anamsindikiza binti nyumbani na wanabusiana. Kwa upole, bila mzaha wowote, kama wapenzi. Kwa sinema ya Marekani ya miaka ile, watu weusi kupewa dakika hiyo lilikuwa jambo nadra sana. Zimebaki hata zile shoti zilizorudiwa, kwa hiyo unamwona Williams akijaribu jambo, halafu akilijaribu tena kwa kulipunguza.

Wapenzi wa sinema bubu wakikupa orodha ya wachekeshaji wa mwanzo wa Marekani, wanaanza na Charlie Chaplin. Nampenda Chaplin, vijana wangu wanamjua hata kwa kivuli. Lakini picha yake ya kwanza ilitoka Februari 1914. Williams alikuwa ameshasimama mbele ya kamera mwaka uliotangulia, akiwa na uzoefu wa jukwaa wa miaka ishirini, anajua tayari kwamba jicho likisogea kidogo linatosha. Reli zile zingetoka kiwandani wakati wake, orodha hiyo ingeandikwa vingine, nami ningekuwa nawafundisha vijana kwa filamu kumi za Bert Williams badala ya kurudia kipande kimoja cha selo.