Wamekulipa shilingi ngapi?

“Sasa wamekulipa shilingi ngapi?”

Kaka aliuliza huku anamenya chungwa, hata macho hakuinua. Nikamwambia hawajanilipa, ni vijana wa pale mtaani, nimewapigia gitaa tu kwenye wimbo wao. Akasema, “Aa. Kumbe umesaidia.” Akaendelea na chungwa lake.

Wiki nzima ninayo hiyo. Shemeji amejifungua salama (wa kike, asanteni kwa salamu), ofisini wametangaza tunahamia Dodoma, mimi nipo na ile “Aa” tu. Angeniambia “mjinga wewe” tungecheka yakaisha.

Mnajua gitaa langu ni la roki, na mnajua singeli nilivyokuwa naisema humu. Kijana kaja na biti yake, mbio kama ya mtu anayefukuzwa na mbwa, ananiambia, “Bro, weka zile kelele zako hapa katikati.” Nikaweka. Nikaomba wapunguze kinanda chini ya solo, wakapunguza. Jamani, ilikaa!

Basi usiku nikawa nabishana na kaka kichwani, nikamwita Eddie Van Halen, mpiga gitaa la roki wa bendi ya Van Halen ya Marekani, atoe ushahidi. Mwaka 1982 Quincy Jones, prodyuza wa Michael Jackson, anampigia simu, Eddie anadhani kuna mtu anamtania. Alipoamini akaenda studio, akasikiliza “Beat It”, wimbo wa Michael, akaomba kipande cha chini ya solo kibadilishwe, akagonga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili, akaondoka zake. Hela hakudai. Na bendi yao ilikuwa na makubaliano ya kutopiga kwa watu wa nje! Wala hakukoma: 1983 kaingia studio na Brian May wa Queen, na 2013 gitaa lake limo kwenye albamu ya rapa LL Cool J.

Utamu wenyewe huu hapa. Mwaka 1984 albamu ya bendi yake ilipanda chati za Marekani ikagota namba mbili. Namba moja kakaa nani? Thriller, albamu ya Michael yenye “Beat It”, yaani yenye solo yake yeye mwenyewe. Nilicheka peke yangu gizani mpaka Mama Tumu akaniuliza nina nini.

“Haya kaka, na huyu naye kasaidia?”

Kesi nilikuwa nimeshashinda, nikamkumbuka Alex. Mpiga ngoma wa bendi ile, kaka mkubwa wa Eddie, tumbo moja. Yeye jambo lile la Eddie kupiga kwa Michael halikumpendeza, na Eddie ameshafariki (2020) bado alikuwa analizungumza.

Kaka yangu alikuwa anapiga besi. Wa zamani humu mnakumbuka, sebuleni kwa mama, spika imekaa juu ya ndoo. Wale vijana walitaka gitaa, besi wanatoa kwenye kompyuta. Hakuna aliyemuulizia, na mimi sikumtaja. Tangu nilipowaza hivyo, ile “Aa” naisikia vingine, ina chungwa ndani na haina dharau. Au najipoza tu. Jumapili atakuja kumwona mtoto, nitampa spika za masikioni asikilize bila maelezo.

Kama friji itafika Jumapili. Tangu jana inanguruma halafu inanyamaza, na nguru wote wa shughuli ya mama mkwe wamo humo. Fundi anasema kompresa. Huyu fundi hata pasi ikiungua kwake ni kompresa.