Fundi Mashoto

Nina shoto, na leo nimeliandika hilo kwenye kibao cha kibanda changu: Fundi Mashoto.

Darasa la pili nilichapwa rula vidoleni kila kalamu ilipohamia kushoto. Nyumbani bibi akanifunga kitambaa kiganjani nizoee kulia. Bibi simlaumu. Kwetu Tanga kushoto hakupokei kitu cha mtu wala hakugusi sinia, na mpaka leo nakula na kusalimia kwa kulia. Hiyo ni adabu, naipenda.

Ila kukata nguo! Mkasi wa kawaida umeundwa kwa mkono wa kulia. Ukiushika kwa kushoto makali yanaachana, kitambaa kinajikunja badala ya kukatika. Miaka nilijiona fundi mbovu, nakata nikiwa nimewapa wateja mgongo wasinione. Mwaka jana nikapata mkasi wa kushoto. Kanzu ya kwanza niliikata machozi yakinitoka, jamani, mstari umenyooka kama uzi.

Jana binti aliyeletwa na mama yake kupimwa gauni alinitazama nikichora, kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto. "Shangazi, hata mimi."

Nikampa chaki.